Sketi zisizochanika

Mvua ikinyesha mchana hapa Walukuba, Jinja, Uganda, mtaro ulio mbele ya duka langu unajaa hadi ukingoni, na saa kumi na moja watoto wakitoka shule lazima wauvuke ndio waingie mtaani. Si mtaro mkubwa. Mtoto wa P3, yaani darasa la tatu la msingi, anarudi nyuma kidogo, anakumbatia begi kifuani, anaruka, viatu vinalia pwaa upande wa pili na yeye anaendelea na stori yake kama hakuna kilichotokea. Nilikuwa kwa cherehani nawaangalia hivyo hivyo tu mpaka akafika binti wa jirani. Yuko P6, ana miaka 13, urefu wake anakaribia kunipita mimi. Akasimama. Akayatazama maji. Mdogo wake wa kiume akamwita kutoka ng'ambo, "Dada, ruka bana, twende!"

Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, bila hasira, bila aibu:

"Mimi sijui kuruka."

Akageuka, akazunguka mpaka kule chini kwenye mbao za kuvukia karibu na kibanda cha mobail mani, akarudi na upande wa pili, mdogo wake anamsubiri amekunja uso.

Angesema anaogopa kuchafua soksi ningeelewa, angesema amechoka pia ningeelewa, lakini alisema hajui. Mtoto mzima, mwenye afya, hana kilema chochote, anakuambia hajui kuruka mtaro ambao watoto wa P3 wanauruka wakiongea. Hiyo kauli imekaa na mimi wiki nyingi, nashona iko pale, napiga pasi iko pale, ndio maana leo naandika.

Kitu ninachokiona kwenye nguo

Kazi yangu ni kushona yunifomu. Mwanzo wa muhula ni nguo mpya, katikati ya muhula ni marekebisho, na ukikaa kwenye marekebisho miaka mingi unaanza kuwajua watoto kupitia nguo zao hata kama hujawahi kuwaona sura.

Kaptura za wavulana zinachanika msamba na matakoni kuanzia P1 hadi P7, hazipumziki. Mama analeta kaptura anasema fundi nitilie kiraka kingine juu ya kiraka. Nguo za wasichana wadogo nazo ni hivyo hivyo: mshono wa ubavuni umefumuka, pindo limening'inia, kiuno kimeng'oka sababu mwenzake alimvuta wakicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira. Vifungo ndio usiseme.

Halafu kuanzia P5 hivi zinaacha.

Sketi ya binti wa P6 inaletwa kuongezwa kiuno, inaletwa kushushwa pindo sababu mtoto amerefuka, lakini haijachanika. Mishono yote mizima. Kitambaa kimepauka kwa kufuliwa tu, na sehemu iliyolika ni ile ya kukalia. Wazazi wanafurahi, wanasema amekua, amepata akili, sasa anajua kutunza nguo. Na kweli kutunza nguo ni jambo zuri, sheria ya pesa inaeleweka na kila mtu hapa. Lakini baada ya ile siku ya mtaro nilianza kuzitazama hizo sketi kwa jicho lingine. Nikatandika moja mezani nikapima mzunguko wa pindo, sentimita 92. Ni sketi ya moja kwa moja, haina marinda, inafika chini ya goti. Shule nyingi ndogo zinaagiza hivyo sababu marinda yanakula kitambaa, na kitambaa ni pesa ya mzazi.

Sasa jaribu mwenyewe, zungushia magoti yako kamba ya urefu huo, funga, halafu tembea. Utatembea vizuri tu. Halafu jaribu kuruka.

Mwili nao unafundishwa

Nilianza kusoma kwa simu usiku usiku nikakutana na kitu wanachokiita fizikali literasi, yaani ule ujuzi wa mwili. Aliyekisimamisha sana ni mama mmoja mwalimu wa Uingereza anaitwa Margaret Whitehead, alikiwasilisha kwenye mkutano wa mwaka 1993. Kilichonishika ni kwamba hasemi habari ya kuwa bingwa. Anasema mtu awe na hamu ya kutumia mwili wake, ajiamini, awe na uwezo wenyewe wa kufanya, na aelewe kwa nini inamfaa, na hayo yote ayabebe maisha yake yote mpaka uzee. Na kila mtu anapimwa na pale alipoanzia yeye mwenyewe, hapimwi na jirani. Kuna kijana hapa mtaani anatembea kwa magongo, ndiye golikipa wa watoto wa barabara ya nyuma, anadaka, anapiga kelele, anapanga mabeki, huyo kwa maelezo ya huyu mama ana ujuzi mwingi wa mwili kuliko watu wengi wenye miguu miwili.

Na jambo lingine, ambalo mimi niliona ndio penyewe: kukimbia vizuri, kuruka na kutua, kurusha, kudaka, kupiga mpira, kusimama mguu mmoja bila kuanguka, haya hayaji yenyewe kama meno. Mtoto anayapata kwa kufundishwa na kurudia rudia, na umri mzuri ni ule wa chini, nasari mpaka P4 hivi. Akipitwa hapo si kwamba hawezi tena, anaweza, ila sasa ni mkubwa, anaona aibu kuanza kujifunza kudaka mpira mbele ya watu wakati wenzake walishajua zamani. Basi anakaa pembeni. Akikaa pembeni hajifunzi. Asipojifunza anakaa pembeni zaidi.

"Sijui kuruka" ikaanza kunieleweka.

Lakini si wanachota maji?

Nilimweleza haya Hajji mmoja mteja wangu wa siku nyingi akaniambia, "Anti, hayo ni ya watoto wa matajiri wa Kololo, Kampala, wanaopelekwa shule kwa gari. Hawa wetu wanabeba jerikani kutoka bombani kila siku, wanafua, wanatembea kwenda shule na kurudi. Mazoezi gani tena unawatafutia?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nikakaa nalo muda mrefu sababu lina ukweli. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili kweli kweli, na kutembea na kazi za nyumbani nazo zinahesabiwa. Jerikani ya lita 20 ni kilo 20, huyo binti anaibeba kichwani bila kuishika. Ukipima jasho tu, pengine anafikisha dakika zake. Yeye si legelege hata kidogo, na mtu asije akamwita mvivu mbele yangu.

Ila nikawa namwangalia akitoka bombani. Shingo imenyooka, mikono chini, hatua fupi fupi, macho mbele, kila kitu kwenye huo mwili kinasema nisimwage. Anajifunza kubeba, na anajifunza vizuri sana. Lakini ile kazi haina pa kujaribu kitu kipya. Huwezi kujaribu, ukaanguka, ukacheka, ukarudia, maana ukianguka maji yamekwenda, na nyumbani utasema nini? Mdogo wake wakati huo huo yuko barabarani anajaribu kupiga mpira wa kaveera, mifuko ya plastiki, kwa kisigino, ameshindwa, amejaribu tena, ameanguka kwenye vumbi, hakuna aliyemuuliza. Wote wawili wanatoka jasho. Mmoja anafundishwa kwamba mwili ni wa kuchunga, mwingine anafundishwa kwamba mwili ni wake.

Na hii si ya Walukuba tu. Utafiti mkubwa uliotumia takwimu za mpaka mwaka 2016 kutoka nchi 146 ulikuta vijana wa shule wa miaka 11 hadi 17 wasiofikisha hizo dakika 60 ni asilimia 81, na wasichana ni 85 wakati wavulana ni 78. Wavulana nao hawako vizuri basi. Ila hakuna umri ambao mtaa unamfukuza mvulana barabarani, msichana kifua kikianza tu kuonekana kila mtu ana neno la kumwambia.

Ile miaka ya kufungiwa

Nikapiga hesabu. Shule zilipofungwa Machi 2020 huyu binti alikuwa P2. Zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kama sisi. Watu wengi wameandika habari ya masomo yaliyopotea na mimba za wasichana, na ni kweli, mimi mwenyewe najua mabinti ambao yunifomu zao hazikurudi tena kwenye meza yangu. Lakini sijaona mtu akiongea kuhusu miili.

Kwa sababu huo umri, miaka saba, minane, tisa, ndio ule wa kujifunza kuruka. Na nakumbuka vizuri hii barabara ilivyokuwa. Wavulana walicheza kutoka asubuhi mpaka polisi wa kafyu wapite. Wasichana wa umri ule ule walikuwa na mtoto mgongoni, maana mama alikuwa anatafuta cha kuuza na nani mwingine angebaki na mtoto?

Halafu shule zikafunguliwa na kila mtu akawa na haraka. Kochingi, yaani masomo ya ziada, asubuhi kabla jua halijatoka, kochingi jioni, kochingi Jumamosi. Nilipeleka sweta shule moja ya huku kwetu, nikasubiri kwenye ofisi ya walimu, na ukutani kulikuwa na taimutebo kubwa iliyochorwa kwa rula na maka. Kipindi cha PE, yaani mazoezi ya mwili, kilikuwepo, nilikiona, na juu yake mtu ameandika kwa biki nyekundu MTC. Hesabu. Kwa P6 na P7 PE zote zilikuwa zimeandikwa juu yake, moja MTC, nyingine SST, somo la jamii.

Nilimuuliza mwalimu aliyekuwepo. Hakujificha. Akaniambia PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina masomo manne, Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST, na PE haimo. Mzazi akija hapa haulizi mtoto wangu anaweza kuruka, anauliza atapata agrigeti ngapi, yaani jumla ya alama, na shule isipotoa fasti gredi, daraja la kwanza, mwakani watoto wanahamishwa. "Sasa mimi nina watoto wengi kuliko madawati, mpira mmoja, na uwanja tunaugawana na kanisa. Wewe ungefanya nini?"

Mimi siwezi kumlaumu huyo mwalimu. Anashona kitambaa alichopewa.

Timu ya shule

Mtu atasema mbona michezo ipo, kuna sports dei, kuna mashindano ya wilaya, kila mwaka vikombe vinaletwa. Ipo, ndio. Ila tazama inaenda kwa nani. Wanachaguliwa wale ambao tayari wanajua, wanapewa jezi, wanapewa kochi, wengine wanatolewa darasani kwenda kushangilia. Anayehitaji kufundishwa kudaka ndiye anayepewa kazi ya kupiga makofi.

Na kuna lile jibu tunalolipenda wote, kwamba Uganda ni nchi ya michezo, si tuna Kiprotich wa marathoni ya London 2012, tuna Chemutai aliyechukua dhahabu Tokyo kwa kuruka viunzi na maji, tuna Cheptegei. Najivunia kama mtu mwingine yeyote, Cheptegei alivyomaliza mita 10,000 Paris 2024 kwa 26:43.14 tulipiga kelele mtaa mzima. Lakini hebu soma alikoanzia. Shuleni huyu alianza na futuboli, akajaribu long jampu, akajaribu tripo jampu, ndipo baadaye akajikuta kwenye mbio. Kabla hajawa mkimbiaji alikuwa mtoto aliyepewa nafasi ya kujaribu vitu vingi. Watoto wangapi wa P6 mwaka huu wamewahi kurukia mchanga hata mara moja?

Serikali haijakaa bure. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umeweka PE kuwa ya lazima S1 na S2, kidato cha kwanza na cha pili, na hilo ni jambo kubwa, nalisema kwa moyo wote. Ila binti akifika S1 ana miaka 14, hajaruka tangu P4, leo unamwambia avue sweta akimbie mbele ya wavulana, labda yuko kwenye siku zake, chumba cha kubadilisha nguo hakuna, bukta ya PE mama hakununua sababu kwenye rikwaya, ile orodha ya vitu vya kununua, ilikuwa chini kabisa. Atasema anaumwa kichwa. Mimi pia ningesema.

Siku ya ngoma

Hapa ndipo kichwa changu kiligeuka.

Shule yao ilikuwa inajiandaa kwa MDD, mashindano ya muziki, ngoma na maigizo, nikapewa kazi ya kushona nguo za ngoma, nikazipeleka jioni moja kupima. Watoto walikuwa chini ya mti wa mwembe wanafanya tamenhaibuga. Mnaijua ngoma ya Wasoga, kiuno hakitulii, miguu inapiga chini haraka haraka, halafu ngoma kubwa inavunja na wote wanabadilisha kwa mpigo mmoja. Na mstari wa mbele, wa pili kutoka kushoto, ni yeye. Binti wa mtaro.

Ngoma ilipovunja aliruka.

Aliruka juu miguu yote miwili, akageuka hewani, akatua kwa vidole halafu visigino, magoti yamekunjika kidogo vile inavyotakiwa, na kiuno kikaendelea bila kupoteza pigo hata moja. Tena akarudia. Tena. Uso unacheka, jasho linamtoka puani. Nikasimama na mfuko wa nguo mkononi mpaka mwalimu akanishtua.

Baadaye nikimpima kiuno nikamuuliza, "Mbona hapa unaruka hivyo?"

Akanishangaa. "Anti, ile si ni ngoma."

Kwa hiyo miguu haikuwa shida. Nguvu haikuwa shida. Nikaanza kujiuliza ngoma ilimpa nini ambacho uwanja haujampa. Mwalimu alimwonyesha hatua moja moja, polepole, akarudia naye mpaka ikamkaa, hakuambiwa tu haya chezeni. Wenzake wa umri wake wote wanafanya, hayuko peke yake anatazamwa. Hakuna anayetolewa nje akikosea, anaendelea kwenye mstari mpaka apate. Amefunga kitambaa kiunoni juu ya kaptura, miguu iko huru. Na kubwa zaidi, hakuna mtu mzima anayemwambia msichana mkubwa asicheze ngoma. Ameruhusiwa.

Nikajiambia basi tayari tunajua namna ya kufundisha mwili. Nenda Mbale mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu, uone watoto wanavyofuata ngoma ya kadodi kutwa nzima bila kuchoka. Tunajua kabisa. Ila tunaita utamaduni, tunaitoa wiki chache kabla ya mashindano, halafu tunaifungia kwenye sanduku pamoja na njuga.

Bado nina wasiwasi mmoja na siufichi. Ngoma peke yake haitoshi. Sisi tunakaa Jinja, ziwa liko huku na Nile inaanzia hapo, na wasichana wengi wa mtaa huu hawajui kuogelea hata kidogo. Ukishuka Masese utakuta watoto wa wavuvi, wavulana, wanapiga mbizi kama hawana mapafu, hakuna shule iliyowafundisha. Msichana anaambiwa toka majini. Shirika la Afya Duniani limesema mwaka 2021 watu kama 300,000 walikufa maji duniani. Na kichocho nacho kipo kwenye hayo maji ya ukingoni, kwa hiyo sisemi watoto wamwagwe ziwani kesho, nasema tu hiki nacho ni sehemu ya ujuzi wa mwili na kwa mtu wa Jinja si cha starehe.

Nilichoanza nacho

Mimi ni fundi, naanzia kwenye kitambaa. Nimetengeneza sketi ya sampo yenye rinda moja kubwa lililofichwa kila ubavu, ukisimama inaonekana nyembamba ile ile wanayoitaka shule, ukichanua mguu inafunguka, pindo linafika sentimita 140. Ndani nimeweka kaptura nyepesi ya kitambaa cha bitana ili mtoto akiruka asishike sketi kwa mikono miwili. Kitambaa kinazidi kidogo, lakini nikipanga vizuri wakati wa kukata, mabaki ya sketi kubwa yanatoa marinda ya sketi ndogo. Hedimistresi mmoja ameikubali kwa P5 na P6. Wengine wawili wamesema wataangalia.

Na kwa wale walimu nimeongea nao, siwaombi wafute kochingi, najua haitawezekana na wazazi wenyewe ndio watakaopinga. Ninachotaka ni kile kipindi kimoja kilichoandikwa MTC kwa biki nyekundu kirudi, kwa P6, dakika 40, na mwalimu wa MDD ndiye apewe, afundishe kuruka na kutua na kudaka vile vile anavyofundisha tamenhaibuga, kwa mstari, kwa ngoma, bila kutoa mtu nje. Mipira ya maganda ya mgomba na kaveera watoto wanajua kuitengeneza wenyewe, hiyo haihitaji bajeti.

Mkutano wa wazazi ni mwanzo wa muhula ujao. Hajji naye ana wajukuu pale, amesema atakuja, bado hajakubaliana na mimi kuhusu jerikani lakini amesema kaptura za ndani atazilipia kwa wajukuu wake wote watatu. Wewe unayesoma ukiwa na mtoto P5 au P6 upande huu wa Walukuba, Masese mpaka Danida, njoo. Na kabla ya kuja chukua sketi yake, pima pindo, uniletee hiyo namba.